Wa Kwanza Asiyepewa: Orodha ya Cambridge na Waliobaki Nje ya Mlango



Kila msimu wa mahafali ukifika huku ughaibuni mambo huwa yale yale. Picha zinamiminika, joho na kofia, mama kavaa buibui jipya na baba kashika maua, na chini yake khabari kwamba mtoto wa fulani si kwamba kamaliza tu, bali kapewa zawadi ya mwanafunzi bora wa kitivo kizima. Tunapongezana, na ni haki yetu kupongezana. Lakini haipiti siku mbili huzuka ubishi. Mmoja atasema zawadi hizi ni jasho la mtu, alama hazimjui mweusi wala mweupe. Mwengine atasema wapi bwana, wenye mji wamekwishagawana kabla ya mtihani.

Badala ya kuingia kwenye ubishi huo mkavu mkavu, nataka niwaletee historia ya tuzo moja, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote katika vyuo vya Uingereza. Alama zake zilihesabiwa kwa haki mpaka nusu alama. Na hata hivyo walikuwepo watu waliozipata alama hizo na tuzo wasipewe. Nimeisoma khabari hii kwa miaka, kipande hapa kipande pale, na kila nikiirudia naona inatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani.

Chuo ni Cambridge. Mtihani ni wa hisabati, wenyewe wanauita Tripos. Tangu katikati ya karne ya 18 waliofaulu kwa heshima walikuwa wakipangwa mmoja mmoja, wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa mafungu matatu. Fungu la juu waliitwa Wrangler, yaani wabishi. Jina hili limetokana na zama ambazo mwanafunzi alikuwa hapimwi kwa karatasi, anasimamishwa mbele ya watu abishane kwa Kilatini, na mbishi hodari ndiye aliyeshinda. Mabishano yakafa, jina likabaki. Wa kwanza wa wote akaitwa Senior Wrangler, tuseme Mbishi Mkuu.

Msidhani ni cheo cha darasani tu. Siku ya kusomwa majina kwenye jumba la Senate House mji mzima ulikuwa ukisimama. Magazeti yaliandika, picha za Mbishi Mkuu ziliuzwa, na kijijini kwao kengele zikapigwa. Aliyepata nafasi hiyo alikuwa amekwisha kujua maisha yake, maana koleji ingempa kiti cha mwanachuoni, chenye posho, chumba na chakula, na akitaka uwakili, ukadhi au uaskofu, mlango uko wazi. Pembeni kulikuwa na zawadi nyengine, ya Smith, inayotolewa tangu 1769 kwa mtihani wake wenyewe, nayo mara nyingi ilikwenda kwa hao hao waliotangulia.

Na wa mwisho? Wa mwisho katika orodha ya heshima alipewa mwiko. Ndiyo, mwiko wa kusongea! Wanafunzi wenzake waliuteremsha kwa kamba kutoka roshani ya juu wakati amepiga magoti kupokea digrii yake. Miaka ilivyokwenda mwiko ukazidi kukua, na ule wa mwisho kabisa, wa 1909, ulikuwa mrefu kupita mita moja, umechongwa kwa kasia la mashua. Kiswahili chetu kina bahati hapa, maana neno hilo hilo ndilo tunalosemea jambo lisilofanywa. Kumbe Cambridge ilikuwa na miko ya namna mbili, na ule wa pili ndio ninaoutaka mimi.

Lakini kwanza muione kazi yenyewe. Mwaka 1854 mtihani ulikuwa wa siku 8, karatasi 16, maswali 211, saa 44 na nusu za kukaa kitini. Hakuna aliyeweza kumaliza. Mwaka mmoja wa 1860 na kitu alama zilizowezekana zilikuwa 17,000. Aliyeshika namba moja alipata 7,634. Wa pili alipata 4,123. Mwenye mwiko alipata 237. Tizameni pengo la wa kwanza na wa pili, halafu mtizame na wa mwisho, ambaye naye kahesabiwa miongoni mwa wenye heshima!

Kwa mashindano ya namna hii ilibidi pawe na tuisheni, na wanaosema tuisheni ni maradhi ya Dar na Nairobi wamekosea. Wahadhiri wa Cambridge hawakuwa wakimtayarisha mtu. Aliyetaka nafasi ya juu alilipa mwalimu wake wa pembeni. Mkubwa wao alikuwa Edward Routh, naye mwenyewe Mbishi Mkuu wa 1854, ambaye katika miaka thelathini na kitu alitoa Wabishi Wakuu zaidi ya 25. Aliyemshinda mwaka huo, yaani aliyekuja wa pili, ni James Clerk Maxwell, ambaye hesabu zake za umeme na sumaku ndizo zilizotufikisha kwenye redio na simu za mkononi. Miaka tisa kabla yake, 1845, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, naye akawa wa pili. Inasimuliwa kwamba alikuwa na yakini ya kushinda hata akamtuma mtumishi wake akatizame nani kawa wa pili, na mtumishi akarudi akamwambia, ni wewe bwana.

Kwa hiyo mtihani ulikuwa unapima mbio, si kina. Hili wenyewe walilijua. Ila mbio hizo zilipimwa bila ya kuibiana, na hapo ndipo hadithi inapoanza.

Mwaka 1837 namba mbili ilikwenda kwa kijana anaitwa James Joseph Sylvester. Wa nne mwaka huo alikuwa George Green, mtoto wa mwenye kinu cha kusaga unga, mtu mzima wa miaka arubaini na kitu aliyekaa darasani na vijana. Nadharia ya Green inafundishwa mpaka leo kila penye fizikia. Green alipata digrii yake. Sylvester hakupata! Si kwamba alifeli, la, alikuwa wa pili katika chuo kizima. Lakini Sylvester alikuwa Myahudi, na ili upewe digrii ilikupasa utie saini Vifungu 39 vya Kanisa la Uingereza. Hakutia. Basi digrii hakuna, wala zawadi ya Smith hakuruhusiwa kuigombea. Mwaka 1841 akavuka bahari kwenda Dublin, na Trinity College ya huko ikampa digrii kwa masomo aliyoyasoma Cambridge. Cambridge ilikuja kumpa yake 1872, ameshakuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, bingwa anayejulikana Ulaya nzima.

Ushikeni huo mji wa Dublin, tutarudi tena.

Sasa mwaka 1869. Mwaka huu naupenda kwa sababu ndani yake yamekutana mambo matatu ambayo hayakuonana. La kwanza, Numa Hartog, Myahudi wa London, akawa Mbishi Mkuu. Zamani hizo sheria ilikuwa imekwishalegezwa, tangu 1856 asiye wa Kanisa la Uingereza aliweza kupewa digrii ya kwanza, basi yeye digrii alipewa. Lakini kile kiti cha koleji, ambacho kila Mbishi Mkuu alikitarajia kama mtoto anavyotarajia sikukuu, hicho hakupewa, kwani nacho kilitaka kiapo cha dini. Fikirini: umeshika namba moja, wa pili yako na wa tatu yako wanapewa viti, wewe unaambiwa asante. Aibu ilikuwa kubwa hata Bunge likashituka. Hartog alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Mabwana, na Juni 1871 sheria ikapita ya kuondosha viapo hivyo Oxford, Cambridge na Durham. Hartog hakukaa kwenye kiti. Alikufa mwezi huo huo wa Juni 1871, kwa ndui, na umri wake miaka 25.

La pili la mwaka huo ni kitabu. Francis Galton, binamu yake Darwin, alichapisha kitabu chake cha vipaji vya kurithi, na zile alama nilizozitaja, 7,634 na 237, umaarufu wake ni kwamba yeye alizitia humo. Hoja yake ilikuwa kwamba pengo kubwa namna ile halitokani na malezi wala tuisheni, ni damu. Galton mwenyewe alipokuwa Cambridge aliugua kwa shinikizo la mtihani huu akaishia na digrii ya kawaida, sijui kama hilo lilimuuma. Ila hakuishia kwa Waingereza. Katika kitabu hicho hicho ana sura ya kulinganisha thamani ya makabila ya watu, na Mwafrika akamshusha daraja mbili nzima chini ya Mwingereza. Mwafrika gani aliyekaa Senate House akapata alama hata Galton akazihesabu? Hakuna. Ngazi aliichukua kwenye mtihani, kisha akawapangia juu yake watu ambao mtihani hawajauona!! Huyu ndiye aliyekuja kuzua neno la Kiingereza la "uboreshaji wa kizazi" mwaka 1883, na tunajua lilikofikia Ujerumani.

La tatu, mwaka huo wa 1869 wanawake watano walianza kusoma kwenye nyumba ya kukodi Hitchin, mbali kidogo na Cambridge, ndiyo mwanzo wa koleji ya Girton.

Wanawake hawa walisoma mambo yale yale, lakini mtihani waliufanya kwa hisani ya msahihishaji, akipenda. Mwaka 1880 Charlotte Angas Scott wa Girton alama zake zikamweka wa nane. Jina lake halikutakiwa kusomwa. Basi msomaji alipofika wa nane, vijana kwenye roshani, wale wale wa mwiko, wakapiga kelele kwa pamoja: Scott wa Girton! hata jina la mwanamume aliyekuwepo likazama. Nawapenda vijana wale kwa siku hiyo moja. Mwaka uliofuata chuo kikaruhusu rasmi wanawake kukaa mtihani na majina yao yasomwe, lakini baada ya wanaume, kwa orodha ya pembeni, ati fulani yuko baina ya wa kumi na wa kumi na moja. Nafasi unatajiwa, namba hupewi. Digrii ndiyo kabisa usiitaje.

Tarehe 7 Juni 1890 ndiyo siku yenyewe. Mbishi Mkuu alitangazwa, G. T. Bennett wa St John's. Wanaume wakaisha, ikaja zamu ya wanawake, na jina la kwanza likawa Philippa Fawcett wa Newnham. Msomaji akasema yuko juu ya Mbishi Mkuu. Hakuwahi kuweza kumaliza kusoma kwa makelele. Alama zake zilimpita Bennett kwa asilimia 13 hivi. Usiku ule Newnham waliwasha moto mkubwa na wakamzungusha bibi huyo mabegani mara tatu.

Na tuzo? Bennett ndiye Mbishi Mkuu mpaka leo kwenye vitabu vya chuo. Bi Philippa aliyemshinda alikuwa "juu ya", na juu ya pale hapana kitu. Digrii hakupewa, na kura ndani ya chuo hakuwa nayo. Mama yake, Millicent Fawcett, alikuwa katika viongozi wa kudai kura kwa wanawake, na wale waliokuwa wakisema kila siku kwamba ubongo wa mwanamke hauwezi hesabu, asubuhi ile walikaa na magazeti yao kimya.

Wengi hudhani baada ya hapo mambo yalifunguka. La hasha. Mwaka 1897 lilipigiwa kura suala la kuwapa wanawake hati za digrii, hati tu. Wanaume waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuja kwa treni kutoka kila pembe. Waliokubali ni 660 hivi, waliokataa wamepita 1,700. Nje wanafunzi walitundika sanamu ya mwanamke juu ya baiskeli, na kura ilipotoka wakaishusha na kuichanachana. Mwaka 1921 walikataliwa tena, wakapewa digrii za jina tu, na kundi la vijana likaenda kuvunja lango la shaba la Newnham kwa mkokoteni. Hawa tena ni wajukuu wa wale waliopiga kelele za Scott wa Girton.

Sasa ile Dublin. Baina ya 1904 na 1907 Trinity College ya Dublin, ambayo ilikuwa imeanza kuwapa wanawake digrii, ilikubali kuwatunukia na waliofaulu Oxford na Cambridge. Wakaenda kama 700, wanapanda meli asubuhi, wanavaa joho, wanapewa digrii, wanarudi. Watu wakawaita mabibi wa meli. Njia ile ile ya Sylvester, miaka sitini baadaye. Wanabaraza wenzangu ambao vyeti vyenu vya nyumbani vilikataliwa huku, mkabidi mpitie nchi ya tatu ili mtu akutambueni, nadhani mmeijua safari hii.

Nisiwasahau na wa rangi yetu, au angalau jirani zetu wa bahari moja. Mwaka 1899 R. P. Paranjpye, kijana wa Kihindi kutoka Poona, aliyekwenda kwa skolashipu ya serikali, alishika namba moja, akiwa sawasawa na Mwingereza, Birtwistle. Cheo alipewa, na kiti cha koleji akapewa, kwa sababu Hartog alikuwa ameshauvunja mlango. Galton alikuwa hai, miaka 77. Paranjpye alikuwa ameahidi kurudi kufundisha Fergusson College kwa mshahara mdogo, na alirudi kweli. Hapo nanyamaza, maana sisi tulioahidi tunajijua.

Orodha yenyewe ilikufa kwa mikono ya waliofaulu. G. H. Hardy, wa nne wa 1898, aliona mashindano haya yanaiua hisabati ya Uingereza. Bertrand Russell, wa saba wa 1893, alipomaliza aliuza vitabu vyake vyote vya hesabu. Mwaka 1909 ukawa wa mwisho kusoma namba. Tangu 1910 majina yakawa yanatoka kwa madaraja, na ndani ya daraja yakifuata alfabeti.

Kwetu imefikaje? Kwa njia mbili. Ya kwanza ni watu. Charles Mackenzie, askofu wa mwanzo wa misheni ya vyuo vikuu, ile iliyohamia Unguja 1864, alikuwa wa pili katika orodha ya 1848. Alikufa kwa homa pembezoni mwa mto Shire Januari 1862, na hesabu zote zile. Na Edward Steere, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ya 1870 ndiyo iliyotutangulia sote humu barazani, alikuwa na nishani ya dhahabu ya sheria ya Chuo Kikuu cha London, 1850.

London ndiyo njia ya pili. Chuo kile kilianzishwa kwa ajili ya wale wasiotaka kutia saini Vifungu 39, na mwaka 1878 kikafungulia wanawake digrii. Scott yule wa nane alichukua za kwake huko. Makerere ilipofungamana na London 1949, na Dar es Salaam ilipoanza na wanafunzi wachache wa sheria Oktoba 1961, digrii zilikuwa za London, na madaraja ya kwanza, pili ya juu, pili ya chini tuliyarithi pamoja na joho. Kwa bahati njema tulirithi ya mlango mpana. Makerere iliwapokea wanawake wa kwanza, sita, mwaka 1945, na kaulimbiu ya chuo iliyokuwa ikisema "Tuwe wanaume" ikabidi ibadilishwe, ikawa ya kujenga kwa ajili ya wakati ujao.

Cambridge ilikuwa bado. Ruhusa ya kuwapa wanawake digrii kamili ilipata idhini ya mfalme 1948. Philippa Fawcett, aliyekwenda Transvaal baada ya Vita vya Makaburu kusaidia kuanzisha skuli na kisha akafanya kazi ya elimu London mpaka akastaafu, alikufa tarehe 10 Juni 1948, mwezi mmoja baada ya idhini hiyo, miaka 58 na siku tatu tangu jina lake lilipozama kwenye makelele. Oktoba mwaka huo digrii ya kwanza ya Cambridge kwa mwanamke, ya heshima, alivishwa Malkia Elizabeth, mke wa mfalme, ambaye mtihani hakuufanya.

Mwenye kijitabu cha mahafali ya Makerere au Dar cha miaka ya 50 na 60, kilichobaki kwenye sanduku la mzee wake, nakuomba ukilete hapa. Nataka tuyasome majina kama yalivyosomwa siku ile, na tuone nani walitajwa mwanzo.

Wasalaam.